Tanzania na Jumuiya ya kasi mbili

Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana mara tatu, Entebbe, Mombasa na Kigali, Tanzania ikiwa nje. Walizungumzia reli na viza moja ya watalii, lakini pia himaya moja ya forodha, yaani bidhaa kutozwa ushuru mara moja zinapoingia Jumuiya, na kuharakisha Shirikisho la Kisiasa, yaani nchi wanachama kuwa chini ya serikali moja ya juu. Novemba 7 Rais Kikwete alihutubia Bunge: Tanzania haitoki Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli wajenge tu. Kilichomkera ni mambo ya wote kujadiliwa na watatu.

Kisheria hoja yake ina mguu wa kusimamia. Ibara ya 7 ya Mkataba wa 1999 inaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti, na Mahakama ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 2009 kwamba kanuni hiyo ni ya utekelezaji na haigongani na maafikiano yanayotakiwa kwenye maamuzi. Kwa maneno mengine, mmoja anaweza kutangulia kutekeleza, ila kuamua ni kwa pamoja.

Wakosoaji husema Dodoma inajificha nyuma ya maafikiano. Wana sababu. Kamati ya Wako, iliyoundwa na wakuu wa nchi kutafuta njia ya kuharakisha shirikisho, ilipendekeza mwaka 2004 shirikisho lipatikane ifikapo 2013. Watanzania walipoulizwa, wengi wakakataa haraka hiyo, hofu kubwa ikiwa ardhi. Ila hofu ya ardhi ilishapata dawa: Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kuendelea kuitaja kila shirikisho linapotajwa kunachosha.

Sababu nzito zaidi haisemwi sana: Zanzibar. Ulinzi, mambo ya nje na sarafu ndiyo uti wa mgongo wa Mambo ya Muungano, yale ambayo Serikali ya Muungano huyasimamia kwa Bara na Zanzibar. Vikihamia serikali ya shirikisho, Serikali ya Muungano inabaki na nini mkononi, na Zanzibar itakaa mezani kama nani? Serikali yoyote ya Tanzania itakwenda taratibu hapo, na mimi siioni kama ni woga.

Lakini kasi mbili si silaha ya upande mmoja. Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Kwa kuwa imo kwenye kundi la nchi maskini zaidi duniani, ilikuwa tayari inaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru. Kenya, isiyo kwenye kundi hilo, ingetozwa kwa maua yake. Februari 2021 wakuu wa nchi wakaruhusu anayetaka aendelee, na mkataba wa Kenya ukaanza kazi Julai 1, 2024.

Hapo ndipo ufa ulipo. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa kutoka nje una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Kadiri Kenya inavyoondoa ushuru kwa bidhaa za Ulaya, bidhaa hizo zikivuka Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lazima zitambuliwe na kutozwa upya, kwa hiyo afisa wa forodha anarudi kukagua vyeti vya uasili, vinavyoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, mpakani, kazi ambayo himaya moja ya forodha ilikusudia kuipunguza. Na kila Juni, bajeti zinaposomwa, nchi huomba ruhusa ya kutoza viwango vyake badala ya vile vya pamoja kwa bidhaa fulani, Tanzania ikiwemo.