Kochi la Bei Poa, Yarabi!

Kochi kuukuu la mtu mmoja likianikwa kando ya Ngong Road, Nairobi, kitu cha kwanza kukuchekea ni kile kitambaa cheupe cha kufuma kilichotandazwa kwenye mkono wake. Muuzaji anakwambia, "Hicho nakuongezea bure, bosi." Bure! Kiinue basi. Chini yake kuna tundu la kuingia ngumi, na ndiyo sababu ya huo ukarimu.

Haya, lipindue. Usimwonee muuzaji haya, pesa ni zako. Shika miguu miwili ya mbele, mmoja uvute, wa pili uusukume. Mbao zikilia kwenye maungio, gundi imekufa. Hilo linatibika kwa gundi mpya ya mbao na kamba ya kukaza usiku kucha. Lakini ukiona vitundu vidogo vinamwaga unga, hao ni wadudu wanaokula mbao kutoka ndani, na wewe hukuja kununua chakula chao. Kisha mulika mishono na safu za stepla kwa tochi ya simu. Madoa meusi mithili ya wino wa kalamu ni kunguni. Muuzaji atasema, "Weka jua siku moja tu." Jua hata liwe la Februari linapasha kitambaa cha juu, katikati ya sponji ni baridi, na kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, anakungoja wewe. Hilo liache palepale, na kitambaa chake cha bure.

Tuseme limepita mtihani, umelinunua ulivalishe kitambaa kipya. Sasa liko sebuleni, limeziba njia ya jikoni, nyumba nzima inatembea ubavu. Na hapo ndipo mwanagenzi hushikwa na wazimu: anachana kitambaa kizee kwa mkasi, anakitupa kwenye gunia la taka. Masikini, ametupa ramani! Kile kitambaa kichafu ndicho kipimo cha kukatia kipya. Kinatolewa polepole, kwa kurudi nyuma: kilichopigwa mwisho kinatoka kwanza. Kitambaa cheusi cha chini, halafu mgongo wa nje, mikono kwa nje, mgongo wa ndani, mikono kwa ndani, mwisho kikalio. Kila kipande kiandike kwa chaki jina lake na mshale wa upande wa juu. Piga picha kila hatua, maana baada ya siku mbili vipande vyote vitafanana.

Stepla sasa. Ee Mola! Fundi wa kwanza alipiga zake, wa pili akavalisha kitambaa juu ya kile cha kwanza, wa tatu naye hakufungua kitu, akaongeza. Unachimba kwa bisibisi bapa na koleo mpaka vidole vinaota sugu. Ikikatikia ndani na huwezi kuivuta, igonge kwa nyundo izame. Ukiiacha imesimama itakula kitambaa kipya kwa chini. Na uvae viatu, maana zinaruka na hakuna anayeziona zinapotua, ila unyayo.

Ndani utakuta njugu, kalamu, kifuniko cha rimoti na sarafu. Ukikuta noti ya elfu moja usipige vigelegele. Itazame vizuri: ikiwa ni ya zile za zamani, ilikoma kuwa pesa halali tarehe 1 Oktoba 2019. Kochi hilo hata likikupa, linakupa hasara.

Sponji ndiyo yenye maudhi zaidi. Watu hukata godoro kuukuu wakajiita wabunifu. Godoro lililokwisha kulaliwa limeshachoka! Na dukani utauliza kama ni ngumu, muuzaji ataibonyeza kwa kidole kimoja, "Hii ni haidensiti," yaani iliyoshindiliwa. Kidole hakijawahi kukaa kwenye kochi. Fanya hesabu: sponji ya kukalia ifike kilo 30 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene 10 (ndizo inchi nne za dukani), kiwe na gramu 750 hivi. Kipeleke kwenye mizani ya buchari. Mwenye nyama atashangaa, mwache ashangae. Ikisoma 400, hiyo ni sponji ya kufungia televisheni isivunjike njiani. Muda si muda utakuwa umekalia springi. Ikate kwa kisu kirefu cha mkate chenye meno, bila kukandamiza, na uizidishe sentimita moja kila upande kuliko foronya yake. Ukiilinganisha sawasawa, takia litalegea pembeni.

Kitambaa utapata Eastleigh, kingi mpaka kizunguzungu. Upana wa kawaida ni sentimita 140, na kochi la mtu mmoja linakula mita tano hadi sita, zaidi kama kina maua yanayotaka kulingana. Velveti ina manyoya, na manyoya yote yaelekee chini: mgongoni yashuke, kwenye kikalio yaje mbele. Geuza kipande kimoja, na jirani atakuuliza mbona umenunua rangi mbili.

Ingekuwa busara kuanza na viti vya mezani. Kikalio cha sentimita 45 chenye sponji ya unene wa tano kinahitaji kitambaa cha mraba wa 65, pamoja na tano za kukunjia chini kila upande; viwili vinaenea kwenye upana, kwa hiyo viti sita ni mita mbili tu. Lakini nani atasifiwa kwa kuvalisha kiti cha mezani? Tunataka kochi!

Basi piga stepla, za milimita 8 au 10. Moja katikati mbele, moja nyuma, moja kila ubavu, kisha unasogea kidogo kidogo ukielekea pembe, na pembe ziwe za mwisho. Anayeanzia pembeni humaliza na mkunjo katikati usiokubali ushauri. Vuta kwa kiganja kizima. Ukivuta kwa ncha za vidole, kila stepla itaacha wimbi lake. Kwenye mbao za saiprasi zinazama zenyewe. Kwenye mkaratusi mkavu bunduki ya stepla ya mkono inaishia nusu, unamalizia kwa nyundo huku mtu wa chini akigonga dari kwa ufagio.

Pale mkono unapokutana na mgongo, kitambaa lazima kikatwe kipite nguzo. Kata ukiielekea nguzo, simama sentimita mbili kabla, halafu gawa mkato uwe kama herufi Y. Mkasi ukipitiliza, hakuna fundi wala dua. Ni kununua mita nyingine, na duka litakuwa limemaliza rangi hiyo.

Kitambaa cheusi cha chini usikiruke kwa uchovu, maana ndicho kinachozuia vumbi la springi. Kunja kingo ndani sentimita mbili, piga kila baada ya sentimita nne. Stepla zilizobaki ziweke karibu. Patafunguka mahali, na kwa kawaida ni chini ya mkono wa kulia, pale wageni wazito wanapojishikilia wakiinuka.