Saa saba ya Umeå

Jamani mi si mtu wa ugomvi. Tanga pale Ngamiani nimekulia nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, bomba moja, uani kamba moja ya kuanikia na kila mtu ana nguo zake, na sijawahi hata siku moja kuitwa kwa mjumbe kujibu mashtaka. Nimekuja Sweden, nina mlango wangu, choo changu, bomba linatoa maji ya moto bila kubembelezwa, majirani wenyewe siwaoni, na mwezi wa tatu tu nimeshaandikiwa barua. Barua kabisa, imebandikwa kwa selotepu kwenye mashine ya kufulia, kila mtu aione.

Na ukiisoma utadhani ni barua ya posa. Hakuna tusi. Inaanza na habari zenu, mstari wa pili unasema muda wa mtu wa kufua ni muda wa mtu, wa tatu unasema nguo za wenzako haziguswi, wa nne unasema yale manyoya yanayobaki kwenye chujio la mashine ya kukaushia anayatoa aliyeyaweka, halafu chini kabisa: kwa salamu za kirafiki, jirani. Jirani gani sasa? Ghorofa tatu, milango tisa. Kwetu mtu akiwa na neno na wewe anavaa kanga yake anapita mbele ya mlango wako mara saba, unausoma ujumbe mwenyewe huku anakwenda, basi umemjua na yeye amejua umemjua, yamekwisha. Hii barua nayo ni kanga tu, ila imepita yenyewe haina mvaaji.

Ngoja niwaeleze kosa langu lilivyokuwa maana sikukusudia.

Kwanza mjue siko Stockholm. Mtu akisikia Sweden kichwani anaona Stockholm, sisi tuko Umeå, ukifika Stockholm bado una kilomita zaidi ya 600 za kupanda kaskazini, mke wangu kapata nafasi ya PhD chuo kikuu cha hapa na mimi nimekuja kama begi lake la pili. Desemba huku jua linachomoza saa tatu asubuhi imeshapita, na saa nane mchana haijafika limeshazama, yaani halipandi hata juu, linachungulia tu kule nyuma ya misonobari kama mtu anayedaiwa akiangalia mwenye nyumba kama yupo. Nilimwambia mjomba kwenye simu akacheka, akasema basi Ramadhani ya huko ikiangukia Desemba ni starehe tupu. Sikumwambia habari ya Juni, kwamba jua halitaki kulala, asije akahama msimamo.

Sasa kufua. Kwenye hizi nyumba za kupanga huna mashine ndani, kuna chumba cha chini kwa chini cha jengo zima, wenyewe wanaita tvättstuga, neno ambalo ukilitamka vizuri unastahili uraia. Ukutani kuna ubao wenye siku na masaa na vitundu, kila nyumba ina kikufuli chake kidogo chenye namba, unakichomeka kwenye muda unaoutaka na hapo umefunga ndoa na ule muda. Siku zote alikuwa anachomeka mke wangu. Wiki ile alikuwa Uppsala kwenye kozi, mimi nimebaki na lundo la nguo na imani yangu.

Nikashuka. Ubao umeandikwa 7–11, 11–15, 15–19. Hakuna sifuri mbele, hakuna nukta, hakuna asubuhi wala mchana. Nikausoma kama tangazo la zahanati kwetu: saa 7 mpaka saa 11. Nikasema safi kabisa, saa saba mchana nitakuwa nimeshakula, nikachomeka kikufuli changu Jumapili. Hiyo 11–15 niliiona lakini nikajiambia hao watakuwa wamekosea, saa kumi na tano ndiyo saa gani?

Mnaelewa? Saa saba yangu mimi ni saa kumi na tatu yao. Saa saba yao ni saa moja asubuhi yangu, muda ambao siku ile nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili na giza la usiku wa manane liko dirishani. Na msinicheke, Mswahili anahesabu saa toka jua linapotoka, sasa mahali ambapo jua lenyewe halina ratiba we utahesabu toka wapi?

Basi Jumapili saa saba mchana naingia na ndoo langu la nguo nakuta mashine zote mbili zina nguo za mtu, zimeshamaliza, zimekaa tu. Nikasubiri kistaarabu dakika kumi. Nikasema huyu kasahau masikini, au kapata dharura. Nikazitoa. Na kwa vile nimelelewa sikuzitupa mezani kama mhuni, nilizikung'uta, nikazikunja moja moja, mashuka, mataulo, soksi nikazilinganisha jozi kwa jozi, na zile nyingine ambazo sitaki kuzitaja hapa, za kike, za mtu mzima, hizo nazo nikazikunja nikaziweka chini kabisa nikazifunika na taulo kwa heshima. Nilitoka pale najiona mtu mwema sana. Nikampigia mke wangu kumsimulia nilivyomsaidia jirani.

Simu ilikaa kimya. Nikadhani mtandao. Halafu akaniuliza pole pole, "Umezigusa?"

Jioni barua ikawa imeshabandikwa.

Nilitaka kujibu kwa barua, niseme samahani, mimi mgeni. Nikakaa na karatasi saa nzima. Maana Kiswidi nimekianza wiki sita, darasa la bure la wageni, nao wana kitu chao wanaita en na ett, kila jina lazima uchague moja, meza sijui nini, nyumba sijui nini, na hakuna kanuni ya kueleweka, mwalimu anasema ni kukariri tu. Mimi! Mtu niliyezaliwa na ngeli tele, M-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, nyingine hata sizijui majina ila mdomo unazipanga wenyewe, nimekuja kushindwa na ngeli mbili. Nikachana karatasi. Nikasema hili jambo litamalizwa kiutu uzima, nitakwenda mlango kwa mlango mpaka nimjue mwenyewe, nitaomba radhi, na siendi mikono mitupu.

Nikapika maandazi. Tui la kopo nililipata duka la Wathai, na iliki hiyo ndiyo usiseme, kila supamaketi ipo, nzima, ya kusaga, ya kupondwa nusu, hawa watu na iliki wameshikana kuliko sisi, mikate yao ya kahawa yote inanukia kama jikoni kwa bibi yangu Pangani. Hilo peke yake lilinipa moyo kwamba binadamu ni wamoja.

Mlango wa kwanza nasikia televisheni, nimegonga, televisheni ikazimwa. Wa pili kafungua kijana na mnyororo uko mlangoni, kaangalia sahani, kaniuliza nauza bei gani, nikamwambia siuzi, ni bure, hapo ndipo alipoogopa kabisa akafunga. Wa tatu hakuna mtu lakini kile kitundu cha mlangoni kilikuwa na mwanga, halafu kikawa giza, halafu kikawa na mwanga tena. Nikakipungia mkono.

Wa nne ni bibi mmoja ambaye nilikuwa namjua kwa sura. Bibi wa miaka themanini hivi, na huyu nina kinyongo naye cha siku nyingi. Barabara zikiganda barafu mimi natembea kama nimebeba mayai kichwani, miguu upande upande, mkono ukutani, halafu nyuma nasikia shuuu, bibi kanipita. Ana kile kiti chao chenye reli mbili ndefu za chuma, anasimama nyuma anasukuma kwa mguu mmoja, kapakia na mboga zake kwenye kiti, huyooo anakata kona. Mimi kijana wa miaka thelathini na nne nimekumbatia nguzo ya taa. Na ukikutana naye huwezi hata kumwamkia, hawana shikamoo, miaka ya 1960 huko waliamua kufuta vyeo kwenye mazungumzo, kila mtu "du", wewe, mkurugenzi wewe, profesa wewe, bibi kizee wewe. Mi siku ya kwanza kumwambia mtu wa umri ule "hej" nilisikia kama nimempiga kofi mama yangu. Mpaka leo nikimsalimu natamka hej lakini magoti yanakunja yenyewe.

Kabla sijaendelea niwaambie na hili la pumu. Toka nifike nilikuwa naona watu wa huku wana tatizo la kifua. Unaongea na mtu vizuri, ghafla anavuta pumzi ndani kwa mdomo, "shwup!", fupi, kali, kama aliyekanyaga msumari. Dada wa dukani, shwup. Mzee wa maktaba, shwup. Siku moja baridi ni digrii 18 chini ya sifuri nimeingia kwenye basi namuuliza dereva hili linakwenda mjini, ananitazama, shwup. Nikamrudia, mjini? Shwup! Nikasema huyu mtu anapata shambulio na anataka kuendesha, nikamwambia pole sana, nikashuka, nikasubiri basi lingine dakika ishirini nasikia masikio yanataka kukatika. Nikamweleza mama kwenye simu, akasema ni hiyo baridi imewaharibu mapafu, watumie habasoda. Akanitumia na chupa kupitia mtu aliyekuwa anakuja.

Basi bibi kafungua mlango, mzima mzima, bila mnyororo. Harufu ya iliki imetangulia, nikaona uso umelegea. Nikamwambia kwa Kiswidi changu, mimi naitwa fulani, natoka Tanzania, nakaa juu, haya ni mkate wa kwetu. Kachukua moja, kaling'ata pale pale mlangoni, kafumba macho. Nikapata ujasiri. Nikamuuliza, ile barua kule chini kwenye kufua, umeandika wewe?

Kanitazama machoni. Shwup!

Nikashtuka nikamwambia basi basi bibi, usihangaike, nikamshika kiwiko nimkalishe kwenye kigoda cha kuvulia viatu. Hataki kukaa. Nikamuuliza, unataka maji? Akatikisa kichwa hapana. Nikaona hapa ni habari ya kifua, siwezi kumbana mgonjwa na mambo ya barua. Nikapanda mbio nikaleta habasoda ya mama, nikamwonesha kwa vitendo, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mengine unapaka hapa. Bibi kaishika chupa, kaigeuza, kainusa, kaniangalia kwa macho ambayo mpaka leo siwezi kuyaeleza. Kasema asante. Nikaondoka nikiwa na huzuni, nikaacha na kugonga milango iliyobaki, nikasema aliyeandika barua shauri yake.

Mke wangu karudi Jumatano. Namsimulia nafika kwenye bibi na kifua chake, naona kaweka begi chini, kaegemea ukuta, machozi yanamtoka, hawezi kuongea. Akipata nafuu kidogo ananiangalia anaanza upya. Mwisho akasema, mume wangu, huku kaskazini hiyo siyo pumu. Hiyo ni "ndiyo". Wanaivuta badala ya kuitoa.

Ndiyo!

Nikakaa kitako kwenye zulia. Dereva wa basi alikuwa ananijibu! Mara mbili! Dada wa dukani nilimuuliza kama maziwa ya mgando yako nyuma, kanijibu vizuri kabisa, mi nikamwambia apumzike aende hospitali. Na bibi. Nimemuuliza wewe ndiye ulieandika, kaniangalia usoni kakiri bila aibu, shwup, mimi nikamshika kiwiko nikamletea dawa. Maana yake na zile nguo zilikuwa zake. Zile za chini kabisa. Nilizozikunja.

Siku ya pili asubuhi, asubuhi ya saa, si ya jua, nafungua mlango nakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa. Ndani sahani yangu, imeoshwa inang'aa, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu hata kama utaweka limau moja, ila sikutaka kuhukumu, chini ya sahani kulikuwa na kikaratasi. Nikajua ndiyo hiyo sasa, tumepatana. Nikaenda na kamusi ya simu neno kwa neno. Kimeandikwa: Asante, yalikuwa matamu sana. Chujio bado lina manyoya. Kwa salamu za kirafiki, jirani.

Habasoda hajarudisha.