Eti Usiku Ndio wa Kuwinda

Kaibuka mshauri mwingine: “Ukitaka mali kwenye gemu la Minecraft, winda usiku.” Sawa, mzee wa usiku. Mali ipo, nani kakataa? Mchana ng'ombe mmoja anakupa nyama 1 hadi 3, na ngozi ukibahatika. Hata buibui ukimkuta kwenye mwanga hana habari na mtu. Giza likiingia, kila kiumbe kinakudai.

Zombi si wa kulalamikia. Mifupa yenye upinde, shika ngao, basi. Creeper, zimwi la kulipuka, anakuja kimya, anafoka sekunde moja na nusu, nyumba haina ukuta. Na baruti unayoitaka, 5 kwa bomu moja la TNT na mchanga 4, unaipata ukimuua kwanza. Akilipuka mwenyewe, kaondoka nayo.

Sasa njoo kwa Enderman, zimwi jingine. Mweusi, urefu karibu bloku 3 (yale matofali ya dunia ya gemu), kabeba bonge la udongo anakojua mwenyewe. Sharti lake: usimtazame usoni. Yaani unamwinda huku macho chini, adabu za ukweni! Ukimtazama anaachama, anatetemeka, anapotea, mara yuko mgongoni. Mshale? Kashahama. Wajuzi wanasema vaa boga, hapo ukimtazama hakasiriki. Haya, chukua mkasi, lichonge, livae. Helmeti umevua, kwa hiyo kichwa hakina kinga, na dunia unaichungulia kwenye matundu ya boga. Mtu mzima, upanga wa almasi mkononi, boga kichwani, na Creeper yuko ubavuni humwoni!

Afadhali kibanda: paa la bloku 2 kwenda juu, ingia ndani kidogo, mtazame makusudi aje. Hapiti, ni mrefu mno, wewe mkate miguu. Afya yake 40, mapigo kama sita. Mvua ikianza kunyesha, umekwisha: maji yanamchoma, anahama. Na akifa anadondosha lulu 1 au 0. SIFURI, jamani! Wakati lango la End, ulimwengu mwingine wa gemu, lina nafasi 12 za macho ya kulifungua, na kila jicho linataka lulu yake na unga wa Blaze, zimwi la moto, juu.

Kukicha usishangilie. Zombi anaungua, ila siyo aliye kivulini wala aliyevaa helmeti. Creeper jua halimhusu, anakungoja mlangoni.

Basi lala. Sufu 3 za rangi moja, mbao 3, kitanda hicho. Usipolala siku 3 za gemu, Phantom, mazimwi ya angani, wanakushukia. Lakini kwenye seva, mnapocheza wengi, mwenye seva asipopunguza asilimia ya wanaotakiwa kulala, usiku haurukwi mpaka walale wote, na hakosi mmoja yuko mgodini: “Subirini kidogo.” Kidogo gani? Usiku wenyewe ni dakika kama 7! Na asubuhi ndiye anayeomba mkate. Mkate ni ngano 3 tu, alime! Hapana, anakatiza shambani kwa kurukaruka, tuta linarudi udongo mtupu, ngano inang'oka. Unazungushia uzio shamba na zizi, anapita getini, halifungi, na ng'ombe wote hao wanatoka.