APL: Kidonge Kwanza, Majibu ya Jeni Yatakuja

Lukemia kali ya promielositi, au APL kwa kifupi, ni saratani ya damu inayopona vizuri kuliko lukemia kali nyingine karibu zote, na bado ni miongoni mwa zinazoua haraka zaidi. Msimamo wangu ni huu: kumsubirisha mgonjwa wake hadi majibu ya jeni yarudi ni kosa la kitabibu, hata kama linaonekana kuwa umakini.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1977 Janet Rowley na wenzake, huko Chicago, walionyesha kwamba kromosomu ya 15 na ya 17 hukatika na kubadilishana vipande. Vikishaungana, jeni ya PML inashikamana na jeni ya RARA, na chembe inaanza kutengeneza protini moja ya mseto. RARA nzima hupokea asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, kisha huziachia jeni za ukomavu zifanye kazi. Ile ya mseto inazibana, na retinoiki iliyomo mwilini kwa kawaida haitoshi kuilegeza. Chembe nyeupe changa zinakwama kwenye hatua ya promielositi na kujaa kwenye uboho.

Zingekwama tu, tungekuwa na muda. Shida ni kwamba promielositi hizo zinachochea damu igande ovyo ndani ya mishipa, na papo hapo zinayeyusha mabonge yanayohitajika. Chembe sahani, zinazoziba majeraha, zinaisha; fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, inaisha. Leo ufizi unatoka damu, kesho ni ubongo.

Protini hiyohiyo ndiyo inayolengwa na dawa. Timu ya Wang Zhenyi mjini Shanghai iliripoti mwaka 1988 kwamba wagonjwa 23 kati ya 24 walipata nafuu kamili kwa ATRA peke yake, yaani asidi ya retinoiki kwa dozi kubwa, ya kumeza. Haiui chembe, inazilazimisha zikomae. Aseniki trioksaidi, iliyoanza kutumika Harbin, China, miaka ya 1970, inaushika upande wa PML na kuivunja protini yote. Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco na wenzake walichapisha matokeo ya kuzitumia pamoja kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa: baada ya miaka miwili, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi.

Kwa hiyo daktari akiona kwenye hadubini promielositi zilizojaa chembechembe, nyingine zikiwa na vijiti vilivyorundikana kama mzigo wa kuni, na mgonjwa anavuja damu, ATRA ianze saa hiyo. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 45 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Chembe sahani zipandishwe zivuke 30 hadi 50 (mara bilioni kwa lita), na fibrinojeni ivuke miligramu 100 hadi 150 kwa desilita. Uti wa mgongo usichomwe sindano, na mpira wa mshipa mkubwa usiwekwe, mpaka damu itulie.

Kuna hofu ya kumpa dawa asiyestahili. Jeni zikionyesha si APL, ATRA inasimamishwa, na siku chache za vidonge kwa kawaida hazileti madhara makubwa. Mjamzito wa miezi ya mwanzo ni suala jingine, maana dawa hii huharibu mimba. Kipimo cha jeni chenyewe hakikwepeki: RARA ikiungana na jeni nyingine, PLZF, badala ya PML, ATRA haifui dafu.

Linalosahaulika wodini ni kwamba chembe zinazokomaa kwa pamoja zinaweza kuvamia mapafu. Homa, pumzi kubana, uzito kupanda ghafla: anza deksamethasoni (dawa ya steroidi) miligramu 10 kwenye mshipa mara mbili kwa siku, kabla hata ya picha ya kifua. Kwa aseniki, pima umeme wa moyo (ECG) na uweke potasiamu ya damu juu ya milimoli 4 kwa lita.

ATRA imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2015, aseniki tangu 2019. Mtu mwenye eneo la mwili la mita mraba 1.6 anahitaji takriban kapsuli 7 za miligramu 10 kwa siku, nne asubuhi na tatu jioni. Kapsuli 21 zinatosha siku tatu, na ndizo ambazo kila hospitali yenye wodi ya damu inapaswa kuwa nazo kabatini kabla mgonjwa hajafika.