Noa si Nuhu

Asante kwa makala, ila uliposema jina Noa, linalopendwa sana kwa wasichana wa Israeli, ni "Nuhu wa kike", hapo umeteleza. Kwa Kiebrania Nuhu huandikwa kwa herufi mbili, nuni na heti, na jina lake linahusishwa na kupumzika. Noa katika Biblia lina tatu, nuni, ayini na he, na asili yake ni kutikisika, kutembea, kutotulia. Karibu kinyume kabisa! Kiingereza ndicho kimetuchanganya, maana Biblia zake nyingi zinawaandika wote wawili Noah. Yetu ya Kiswahili imewatenganisha vizuri.

Hebu fungua Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi amefia jangwani bila mtoto wa kiume, na mabinti wake watano wanasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano mzima, wanadai urithi wa ardhi. Na Mungu anasema wana haki. Noa ni mmoja wao.

Kwa kisa hicho nilimpa binti yangu jina hili. Akiulizwa habari za safina, anakunja vidole akiwataja dada wanne wa yule Noa wa Biblia: Mala, Hogla, Milka, Tirza.