Jini la Sipiyu

Mie nachapa na kutoa fotokopi pale Wete, kibanda cha mlango mmoja na kompyuta moja. Kwa hiyo kompyuta ikiumwa, naumwa mie. Jumatano asubuhi nikaiwasha: taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikaonesha nembo, mara pu! Ikazima, ikajiwasha yenyewe. Nembo, pu. Nembo, pu. Kama mtu anayefika mlango wa msikiti, akakumbuka hana udhu, akageuka.

Mbele yangu kakaa mwalimu wa skuli ya jirani. Mitihani yake yote imo mle ndani, na wanafunzi wanaifanya Jumatatu.

"Usitie wasiwasi, Mwalimu. Umeme tu huu."

Pemba umeme ndio unaobebeshwa lawama zote. Tokea 2010 tunaletewa na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, yale majenereta ya Wesha tukapumzika nayo, lakini mazoea ya kuutuhumu hatukuyapumzisha. Nikaiweka pembeni stabilaiza, nikavuta waya dirishani mpaka soketi ya jirani yangu muuza kanga. Nembo, pu.

Nikashika bisibisi. Ndani nikakuta vumbi la kupandia muhogo, na juu ya madabodi, lile bao kuu linalounganisha kila kitu, mjusi kafiri aliyekauka zamani, mikono kaitandaza kama aliyekuwa anaomba dua ikamkatikia njiani. Nikasema, nimekukamata. Nikamtoa kwa heshima zake, nikasugua kila pembe kwa brashi ya rangi, nikafunga. Pu.

Nikachomoa ramu zote mbili, vile vibao vya kumbukumbu, nikazipiga raba yale meno yao ya dhahabu mpaka yakang'aa kama ya bi harusi, nikajaribu moja moja. Pu. Nikatoa na ile betri ya duara inayotunza saa, nikasubiri, nikairudisha. Hapo ikasimama kitambo kidogo, nikaona tarehe imerudi 2009, halafu pu. Angalau sasa ilikuwa inakufa ikiwa kijana.

Adhuhuri Mama akaniletea chakula. Akatazama ile nembo inavyokuja na kuondoka, akaweka sahani chini.

"Mwanangu, hicho si kifaa tena. Kimeingiliwa."

Sikujibu. Akaondoka, akarudi na chetezo kinafuka ubani, akakiweka mbele ya sipiyu, lile boksi la kompyuta, akaanza kusoma chini kwa chini. Sasa, feni za sipiyu huvuta hewa mbele, zikaitoa nyuma, na moshi nao ni hewa. Mwalimu alikuwa anarudi kutoka kuswali. Alichokiona yeye ni mitihani yake inatoka moshi mzito kwa nyuma.

"Inaungua! Inaungua!"

Ndoo ya maji ya muuza kanga ilikuwa hapo mlangoni. Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka tu kwamba sipiyu haikupata hata tone, na mie nikaswali adhuhuri kwa kanzu ya kuazima.

Ijumaa nikaletewa pawa saplai mpya, ile inayoigawia kompyuta umeme, kwa boti kutoka Unguja. Pesa zikaenda, pu ikabaki.

Jumamosi nikapanda gari la 606 kwenda Chake, sipiyu mapajani nimeikumbatia kama mtoto wa homa. Konda akataka nauli ya watu wawili. Nikalipa, sikuwa na nguvu za kubishana.

Fundi mwenyewe kijana, sawa na mdogo wangu wa mwisho. Hakufungua kitu mwanzo. Akauliza, "Kaka, umebadilisha nini?"

"Uliza kilichobaki."

Akacheka. Akazichomoa kwenye madabodi zile nyaya nyembamba zinazotoka kwenye vitufe vya mbele, akagusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Ikawaka. Nembo ikaja, nikafumba macho. Nilipofumbua, faili la mitihani liko palepale kwenye kioo. Akaurudisha waya mmoja, wa kuwashia: salama. Akaurudisha wa pili, wa kile kitufe kidogo cha kuanzisha upya: pu.

Akakibonyeza kile kitufe. Kikaingia, kikakaa. Kisha kikaanza kurudi pole pole, kimechoka, kinavuta nyuma yake uzi mwembamba wa rangi ya kahawia.

"Kimeganda nusu," akasema. "Feni zikitikisa boksi, kinagusa, na kompyuta inadhani umeiamrisha ianze upya."

Akaukwangua ule uzi kwa ukucha. Akaunusa. Halafu, wallahi, akaulamba.

"Iliki," akasema. Akafikiri. "Na samli. Kaka, hii halua."

"Watoto hawa!" nikapiga kelele, na jina la mpwa wangu anayepitia dukani akitoka chuoni lilikwishafika kwenye ulimi. Likakwama hapo. Kwa sababu nilikumbuka Jumanne usiku: mteja kanilipa nusu pesa, nusu halua ya moto kwenye kikapu cha ukili. Umeme ukakatika mkono wangu ukiwa umo kikapuni. Uliporudi, taa ya dukani haikuwaka, nikapapasa gizani kutafuta kitufe cha kuwashia, kwa vidole vilevile vitano, nikabonyeza kimoja, sicho, nikabonyeza chengine.

Fundi alikuwa kashachukua mswaki wa zamani na kikombe cha maji ya moto, anasugua, haniangalii, mabega yanamtikisika.

Simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, vipi? Limetoka?"

Nikautazama ule mswaki.

"Limetoka, Mama."