Kaunta ya duka na sheria ya lugha ya Ukraine

Mteja anaingia dukani Kyiv au Odesa. Tangu tarehe 16 Januari 2021, muuzaji anatakiwa kumkaribisha kwa Kiukraine. Mteja akiomba ahudumiwe kwa Kirusi, kifungu cha 30 cha sheria ya lugha kinaruhusu, mradi wote wawili wameridhia. Bei, menyu na maelezo ya bidhaa lazima yawepo kwa Kiukraine. Lugha nyingine zinaweza kuongezwa kando. Basi. Hiki ndicho kifungu kilichozua zogo kuliko vingine vyote, na huko nje habari zake hufika zikiwa zimefupishwa hivi: "Kirusi kimepigwa marufuku."

Hakikupigwa. Sheria hiyo, namba 2704, ilipitishwa na Bunge tarehe 25 Aprili 2019 kwa kura 278, na mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 2, inatamka kwamba haihusu mazungumzo ya faragha wala ibada. Mama na mwanawe jikoni, marafiki kwenye benchi la bustani, padri madhabahuni: hao hawaulizwi kitu. Wanaoulizwa ni dola na wale wanaohudumia umma, yaani ofisi, shule, hospitali, vyombo vya habari, matangazo ya biashara, duka. Mteja akinyimwa huduma kwa Kiukraine, hupeleka malalamiko kwa Kamishna wa lugha ya dola. Ukaguzi hufanyika, hati huandikwa, mwenye biashara huonywa na kupewa siku 30 arekebishe. Akirudia kosa ndani ya mwaka mmoja, faini ni hryvnia (fedha ya Ukraine) 5,100 hadi 6,800. Faini hiyo hukokotolewa kwa "kima cha chini kisichotozwa kodi", ambacho ni hryvnia 17, kuzidishwa mara 300 hadi 400. Na kwa kuwa hiyo 17 haijaguswa tangu miaka ya 1990, kila bei zinapopanda faini nayo inazidi kuwa nyepesi. Ukali unaosimuliwa Moscow hauonekani kwenye hesabu hizi.

Kilichobadilika kweli ni nani anayeanza kuomba. Zamani aliyetaka Kiukraine katika duka la Kyiv au Kharkiv ndiye aliyepaswa kusema, "Samahani, nihudumie kwa Kiukraine." Aliyesema hivyo alionekana ama mshamba ama mtu wa siasa, na wengi waliona heri wanyamaze wabadili lugha. Sheria imegeuza zamu ya kuomba. Ombi lenyewe bado lipo, ila limehamia upande wa pili wa kaunta.

Ili kuona kwa nini jambo dogo namna hii lina uzito, itazamwe sensa ya 2001, ambayo ndiyo sensa pekee Ukraine imefanya tangu uhuru. Asilimia 67.5 walitaja Kiukraine kuwa lugha yao ya asili, asilimia 29.6 walitaja Kirusi. Kutokana na tarakimu hizi mbili, magazeti ya dunia yamechora ramani ya rangi mbili, magharibi rangi hii na mashariki rangi ile, na ramani hiyo imewapotosha wengi kuliko uongo wa wazi. Swali la sensa halikuuliza unazungumza nini kazini au sokoni. Liliuliza *ridna mova*, na neno *ridna* lina harufu ya damu na ukoo: lugha ya nyumbani kwenu, ya wazee wako. Mtu anaweza kuijibu kwa moyo wake, huku ulimi wake ukifanya mambo mengine.

Kyiv yenyewe ni mfano tosha. Katika sensa ile, kiasi cha asilimia 72 ya wakazi wa mji huo walisema lugha yao ya asili ni Kiukraine, na robo tu wakataja Kirusi. Lakini lugha iliyotawala masoko, ofisi za watu binafsi na vituo vya treni ya chini ya ardhi miaka ile ilikuwa Kirusi. Watu saba katika kumi wanasema lugha hii ni yangu, kisha wanatoka nje ya mlango na kuizungumza kidogo. Pengo hilo ndilo kiini cha ugomvi wote.

Upande mmoja hulisoma hivi: wazungumzaji halisi wa Kirusi ni wengi kuliko inavyoonyesha sensa, kwa hiyo sheria inawaonea mamilioni. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Mtu anaweza kuipenda lugha ya babu yake na bado akachagua kufanya biashara kwa lugha nyingine, na si lazima serikali imfuate hadi kwenye rejista ya fedha. Tena wako waliozaliwa ndani ya Kirusi, ambao hawakuchagua chochote na hawana kosa lolote.

Upande wa pili huuliza: pengo hilo lilitoka wapi? Msomaji anayefuatilia anazijua amri za 1863 na 1876 zilizozuia uchapishaji wa Kiukraine katika himaya ya Urusi, kwa hiyo nazipita. Kisa cha herufi moja kinafundisha zaidi. Mwaka 1928 Ukraine ya Kisovieti ilipitisha kanuni mpya za tahajia zilizompa nafasi ґ, herufi ya sauti "g" ambayo Kirusi hakina haja nayo. Mwaka 1933 Mykola Skrypnyk, kiongozi aliyesimamia kazi hiyo, alijipiga risasi huku Chama cha Kikomunisti kikimwandama, na mwaka huohuo herufi ikafutwa. Ilirudishwa mwaka 1990. Kwa miaka 57 dola iliona ni hatari lugha hii kuwa na herufi isiyofanana na za jirani. Baadaye haikuhitajika hata amri: Kirusi kilikuwa lugha ya chuo kikuu, ya jeshi, ya kupandishwa cheo. Waafrika waliosomeshwa Kyiv na Kharkiv enzi za Usovieti, wa Afrika Mashariki wakiwemo, walirudi nyumbani na Kirusi, na wengi wakaiita nchi waliyosomea "Urusi". Anayeviita vifungu vya 2019 "kulazimisha" ana haki ya kusema hivyo, lakini alipaswa kuona kwamba hali iliyokuwepo kabla yake nayo ilikuwa imelazimishwa. Tofauti ni kwamba ilikwisha zoeleka.

Kuna sehemu za sheria hii, hata hivyo, ambazo kaunta ya duka haiwezi kuzitetea. Kifungu cha 25 kuhusu magazeti ndicho kibaya zaidi. Gazeti la kitaifa la Kirusi, tangu Januari 2022, lazima litoe pia toleo la Kiukraine lenye maudhui yaleyale na ukubwa uleule, siku ileile. Anayejua gharama za kiwanda cha uchapaji haelezwi maana yake: karatasi maradufu, watafsiri wa usiku, na wasomaji walewale. Hapo toleo la Kirusi halikufutwa kwa maandishi, lilifutwa kwa ankara. Lakini gazeti linalochapishwa kwa Kiingereza, kwa lugha nyingine rasmi ya Umoja wa Ulaya, au kwa lugha ya Watatari, wenyeji wa rasi ya Crimea, limesamehewa. Tume ya Venice, jopo la wataalamu wa katiba la Baraza la Ulaya, ililiona hilo katika maoni yake ya Desemba 2019: lugha zimepangwa madaraja, na Kirusi, chenye wazungumzaji wengi kuliko hizo zote zilizosamehewa, kimewekwa chini kabisa bila sababu ya kutosha.

Shuleni madaraja hayo yanapimika kwa asilimia. Chini ya sheria ya elimu ya 2020, shule ya lugha ya Umoja wa Ulaya, kama Kihungaria au Kiromania, ilitakiwa kufundisha kwa Kiukraine angalau asilimia 20 ya masomo darasa la tano, ikipanda hadi 40 darasa la tisa na 60 madarasa ya juu. Shule ya Kirusi ilitakiwa kufika asilimia 80 tangu darasa la tano. Wahungaria wa Zakarpattia, mkoa wa Ukraine unaopakana na Hungaria, wapatao 150,000 kwa sensa ya 2001, walilalamika hata kwa viwango hivyo vyepesi, na serikali ya Hungaria ikazifanya shule zao kuwa kizuizi katika safari ya Ukraine kuingia Umoja wa Ulaya. Desemba 2023 Bunge lililegeza masharti kwa lugha za Umoja wa Ulaya. Kirusi hakikulegezewa.

Je, ni ubaguzi? Kwa karatasi, ndiyo, ni kutofautisha. Ila Kihungaria hakijawahi kuitishia Kiukraine kitu, na nyuma ya Kirusi kuna jeshi la Urusi linalotumia wazungumzaji wake kama hati ya kuingilia nchi. Februari 2014 Bunge lilipiga kura kufuta sheria ya 2012 iliyokipa Kirusi hadhi ya kimkoa. Kaimu rais Oleksandr Turchynov hakutia saini, na sheria ile iliendelea kuwa hai hadi Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha mwaka 2018. Kura ambayo haikuzaa kitu ikawa moja ya visingizio vya Urusi kuitwaa Crimea. Huko Crimea, kwa takwimu za ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, wanafunzi waliosomeshwa kwa Kiukraine walishuka kutoka 12,694 mwaka wa masomo wa 2013/14 hadi 371 mwaka 2016/17. Tarakimu hizi mbili hazisamehi kifungu cha 25, lakini anayezungumzia lugha kukandamizwa Ukraine bila kuzitaja ameacha nusu ya habari.

Wapo wanaosema sheria ilikuwa kisasi cha Petro Poroshenko, aliyeshindwa uchaguzi siku nne kabla ya kura ya Bunge na kutia saini siku tano kabla ya kuondoka Ikulu. Huenda siasa ilikuwemo. Lakini mrithi wake, Volodymyr Zelensky, mtoto wa mji wa Kryvyi Rih aliyekulia katika Kirusi, hakuifuta, na Julai 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haivunji katiba, baada ya wabunge 51 kuipinga mahakamani.

Sensa ijayo, vita vikiruhusu, itahesabu nchi iliyotawanyika, na watoto wengi wako katika shule za Poland na Ujerumani. Ikiuliza tena *ridna mova* peke yake, itapata tarakimu kubwa ya Kiukraine na haitajua kama pengo la Kyiv limezibika. Swali linalohitajika ni la kaunta: mara ya mwisho uliponunua mkate, uliomba kwa lugha gani?